Mtoto wa Tatu wa Mama Ruthi

Marehemu Benedikta Abrahamu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge, wilayani Muheza, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Abrahamu na Mama Ruthi. Ndugu waombolezaji, hiyo tano ishikeni, tutairudia.

Akiwa na miaka minne aliugua polio, mguu wa kulia ukalegea. Mwaka 1988 alipelekwa kusoma katika kituo cha watoto wenye ulemavu, mbali na nyumbani. Alimaliza darasa la saba pale, na kwa insha hakuna aliyempita. Lakini pale mtoto akichelewa foleni ya chakula, magongo yake yalifungiwa stoo, naye kutwa nzima akatambaa, hata kwenda chooni. Aliandika barua nyumbani kueleza. Aliyeipokea ni kaka yake mkubwa, Godlisten, anayewasomea wasifu huu. Hakumwonyesha mama. Alijibu neno moja: "Vumilia."

Marehemu alifundisha chekechea Pangani, akiwaigizisha watoto hadithi alizotunga mwenyewe, hata wazazi waliokuja kuwachukua wakawa wanakaa kitako. Mwaka 2006 alifunga ndoa na Alexander, fundi viatu, aliyekuwa akimkatia raba za magongo kutoka tairi kuukuu.

"Raba hizi mbona zinaisha upesi hivyo, mwalimu?" fundi aliuliza siku moja.

"Njia ya kuja kwako ndefu, fundi."

Walijaliwa binti, Beatrisi.

Mama Ruthi alifariki Agosti 2016, na wasifu wake aliuandika Godlisten. Wakwe wa binti yake Godlisten wangeketi mstari wa mbele, akaogopa watasema ukoo una ugonjwa. Akaandika: "Ameacha watoto wanne." Benedikta, asiyehesabiwa, alikuwepo, amekaa nyuma kabisa. Aliisoma karatasi ya wasifu iliyogawiwa waombolezaji, akaikunja, akaitia mkobani.

Mwaka 2023 kituo kimoja cha sanaa Raskazone, mjini Tanga, kilimpa chumba, meza na miezi sita, awe mwandishi mkaazi, atunge tamthilia kuhusu maradhi, ulemavu na yanayofanyika vituoni. Figo zilikuwa zimeshaanza kumsumbua. Alitoka kusafishwa damu, akarudi mezani. Aliwaita aliosoma nao, wakasimulia, wakalia, wakachekana. Tamthilia ilianza kwa mwigizaji kusoma wasifu wa Mama Ruthi, neno kwa neno. Alipofika "wanne," magongo yakagonga sakafu nyuma ya watazamaji. Godlisten alikuwa ukumbini. Alitazama viatu vyake mpaka mwisho.

"Shikamoo kaka. Umeionaje?"

"Marahaba. Mbona hukubadilisha hata neno?"

"Uliandika vizuri, ningegusa nini?" Akacheka, kisha akasema taratibu, "Na wangu uandike wewe. Usinipambe. Pa kurekebisha unapajua."

Aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, hospitalini Tanga, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, Alexander, binti, Beatrisi, na ndugu wanne, ambao pamoja naye walizaliwa watano. Godlisten anaomba: wenye karatasi ya msiba wa Mama Ruthi nyumbani wachukue kalamu, wafute wanne, waandike watano. Ya marehemu tumeikuta mkobani, haina alama hata moja. Alikuwa amemwachia mwenyewe aliyeiandika. Ameirekebisha leo asubuhi.

Mungu amlaze pema Benedikta, mtoto wa tatu wa Mama Ruthi.