Maji Basi, Fundi Zege Aliyesema Siku Ishirini na Moja

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baiskeli, mtoto wa kwanza wa mama muuza mkaa na baba dereva wa lori. Mama anasema hakulia. Alitazama watu tu, kama anakagua kazi yao.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1977 hadi 1983, na kwa hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Baba alipovunjika mguu, masomo yakaishia hapo, akaenda kubeba kokoto. Hakuna aliyemsikia akinung'unika.

Kufikia 1990 alikuwa fundi zege kamili: misingi, sakafu, zege la ghorofa. Mtaa mzima ulimwita Maji Basi, kwa sababu msaidizi akitaka kuongeza ndoo ili mchanganyiko ulainike na koleo liende haraka, yeye alipiga kelele, "Maji basi! Unakoroga uji?" Wateja wenye haraka walimkimbia. Waliobaki, sakafu zao hazina ufa hadi leo.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1998 na fundi cherehani aliyemwita amwage sakafu ya duka lake. Zege jipya humwagiliwa maji asubuhi na jioni, siku saba, lisipasuke. Yeye alikuja mara nne kwa siku, majuma matatu. Jirani akashindwa kuvumilia: "Fundi, hiyo sakafu unangoja iote?" Akajibu bila kucheka, "Bado mbichi, dada." Fundi cherehani alicheka mpaka akajichoma sindano. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa tufike panapouma. Mdogo wake wa kike, ndiye huyu anayewasomea, ameombwa na wajomba apunguze ukali. Hapunguzi.

Tarehe 3 Februari mwaka huu, marehemu alimwaga zege la ghorofa ya kwanza kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Walikubaliana mbele ya watu: miti iliyoegemeza zege kwa chini isiguswe siku ishirini na moja. Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, marehemu alikwenda kumwagilia zege lake akakuta miti inapakiwa kwenye lori, inapelekwa kiwanja kingine cha tajiri huyo huyo. Ndani vibarua wawili walikuwa wanang'oa iliyobaki. "Acheni hiyo miti! Tokeni! Tokeni nje!" Hawakuelewa, basi akaingia mwenyewe, akawasukuma nje mmoja baada ya mwingine. Wote wawili wameketi hapa, wazima. Yeye zege liliporomoka likamkuta mlangoni.

Alilazwa siku nne, kifua na nyonga vimevunjika. Madaktari walifanya walichoweza. Alipopata pumzi alimwambia mkewe, "Nilimwambia ishirini na moja, mama watoto. Siyo tisa." Alifariki tarehe 16 Februari, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono.

Msiba haujatimiza hata siku moja, mwenye ghorofa akaanza kutangaza mtaani kwamba fundi alizidisha maji. Maji! Huyu, azidishe maji! Jamani, kuna watu wana macho makavu. Kisha akajitolea kuchapisha karatasi hizi mlizoshika, ndiyo maana zimeandikwa "ajali kazini". Wenye kalamu, futeni. Aliambiwa, akasikia, akaitikia kwa kichwa, halafu akatuma lori. Hiyo siyo ajali, na familia hii haitaiita hivyo leo wala kesho.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja, na mama mzazi mwenye miaka themanini na mmoja. Mama tangu juzi hali wala halali. Anauliza jambo moja tu, na kila aliyekuja kumpa pole amejifanya hasikii: "Nani alisema miti itolewe?"

Aliyesema yuko hapa, safu ya pili, amevaa miwani ya jua. Aivue, asimame, amjibu mama mbele ya watu hawa wote. Jeneza tutaliteremsha akishajibu, hata tukisimama hapa mpaka jua lizame.

Na mwana wa mama huyu, aliyetimiza kila neno alilosema, apumzike kwa amani.