Mwalimu Hodi na Barua Isiyosema Kitu

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Sogezeni viti, punguzeni kelele za vyombo. Leo tunamkumbuka mwalimu wa shule ya msingi, na tunaanza na kosa lake.

Ndiyo, kosa. Sifa zake zipo, tena za kujaza kipindi hiki na kingine juu yake. Lakini mwenyewe kila alipojisimulia alianzia hapo. Nasi tunafuata nyayo zake.

Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne. Alifundisha kwa miaka thelathini na sita. Kumi na mmoja ya mwisho alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha birika jikoni. Alivaa raba nyeusi mwaka mzima. Watoto walimwita Mwalimu Hodi. Wazazi walimwita Mwalimu Hodi. Jina lake la kwenye cheti lilibaki kwenye cheti.

Ila siku alipoingia ofisi ya mwalimu mkuu kwa mara ya kwanza, hakuwa Hodi bado. Alikuwa mwalimu kama walimu wengine. Alikuta meza, kabati lenye mlango usiofunga, na droo. Ndani ya droo, bunda la karatasi zilizochapwa tayari. Kila karatasi ilisema hivi: mzazi wa, hapo pameachwa nafasi ya jina, unatakiwa kufika shuleni kesho bila kukosa. Chini kuna mahali pa sahihi na muhuri. Basi. Sababu haikuwa na mstari wake.

Muhula wa tatu wa mwaka huo wa kwanza, wakati wa mapumziko, alipita nje ya darasa la pili akasikia mtoto anasoma. Hakuwa anaokota silabi kama anayeokota mchele. Alikuwa anatiririka. Penye nukta anapumua, penye swali sauti inapanda. Mwalimu akachungulia dirishani. Darasa tupu. Binti mmoja wa miaka minane amekaa chini, amewapa madawati mgongo, anausomea ukuta. Kitabu alichoshika kilikuwa cha darasa la nne.

Alisimama pale mpaka ukurasa ukaisha. Kisha akaenda kumwuliza mwalimu wa darasa.

"Yule?" mwalimu wa darasa akashangaa. "Mwalimu mkuu, labda umesikia redio. Yule hata nikimwita jina anaitika kwa kichwa. Yule nimeshamwandika kurudia darasa."

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Na mimi naandika ninachokisikia darasani. Ya dirishani siyajui. Jaribio la kusoma kwa sauti ni baada ya wiki tano. Akisoma, atapanda. Asiposoma, atarudia."

Hapo ndipo penyewe, wasikilizaji. Wiki tano. Mtoto asome mbele ya watu, au arudie darasa kwa kosa la kunyamaza.

Mwalimu mkuu alirudi ofisini na furaha yake. Alitaka baba wa yule mtoto aijue haraka. Akavuta droo. Akachukua karatasi moja, akajaza jina, akatia sahihi, akagonga muhuri. Akampa binti aipeleke nyumbani.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi baba akafika. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mrefu, shati lake limejaa vitundu vya cheche. Amemshika binti mkono. Binti macho yamevimba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Barua nimeipata. Nimeshamchapa. Sasa niambie kafanya nini."

Mwalimu hakuelewa mara moja. "Nani kafanya nini?"

"Si umeniita?"

"Nilikuita nimsifie," akasema. "Mwanao anasoma kitabu cha darasa la nne."

Fundi aliuachia mkono wa mwanawe polepole, kama mtu aliyeshika chuma akagundua bado kina moto. Aligeuka akaondoka, na hakuaga.

Mwalimu alivuta droo, akatoa karatasi nyingine kama ile. Aliiweka mezani, akaitazama. Kwa mara ya kwanza aliisoma kama anavyoisoma mzazi. Barua ya shule ilikuwa na sura moja tu katika mtaa ule: sura ya balaa. Yeye alitia furaha yake ndani ya bahasha ya balaa, akaituma kwa mkono wa mtoto.

Na kuanzia siku hiyo binti hakusoma tena. Hata ukutani. Kitabu kikafungwa. Mwenzake wa dawati moja alimwuliza sababu, naye akajibu jibu ambalo hakuna mtu mzima ambaye angeliweza kulipinga: "Ukisoma sana, baba anaitwa."

Mwalimu alifanya jambo la kwanza siku hiyohiyo. Bunda zima la zile karatasi alilikata vipande, akawapa watoto wafanyie hesabu kwa nyuma. Hakutaka kuchoma karatasi nzuri. Alikuwa bahili wa karatasi mpaka anazikwa.

La pili lilimchukua usiku kucha kulikubali. Asubuhi aliingia darasa la pili, akaenda kwenye dawati la yule binti, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Darasa zima likisikia, akasema, "Niliandika barua isiyosema kitu. Umechapwa kwa kosa langu, wala hukukosea popote. Nisamehe."

Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, na wewe sasa utachapwa?"

"Ningestahili," akajibu.

Darasa likacheka mpaka chaki zikaanguka. Binti hakucheka. Wala kusoma hakusoma.

Chumba cha walimu kilichemka. Mwalimu mkuu kuchuchumaa mbele ya mtoto wa darasa la pili! Eti heshima ya shule imemwagika. Yeye alikunywa chai yake, akavaa raba zake, akaenda kumtafuta fundi.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la saruji. Mageti yameegemezwa ukutani, fremu za madirisha zimelala chini, hewa inanuka chuma kilichoungua. Akasimama nje akapaza sauti. "Hodi!"

Fundi akainua miwani yake ya kazi. Uso ukamshuka. "Mwalimu, kama umekuja kunisuta, nisute haraka, nina geti la watu."

"Nimekuja kwa mambo mawili. Kosa la barua ni langu. Kosa la mkono ni lako. La kwangu nimeshamwomba mwanao radhi."

"Unataka na mimi nimwombe radhi mtoto niliyemzaa? Mbele za watu?"

"Watu wa nini? Mbele yake tu."

"Mwalimu, rudi ukafundishe."

Alirudi akafundisha. Kesho kutwa akaja tena. "Hodi!" Wiki iliyofuata, "Hodi!" Alikuwa anakaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, mkoba magotini, anamwangalia fundi akifanya kazi. Mteja mmoja akamwonea huruma: "Mama, na wewe geti lako bado? Vumilia. Mimi dirisha langu lina mwezi wa pili hapa."

Wasikilizaji, jina lake alilipata pale, juu ya lile kopo. Vibarua wa karakana wakimwona kwa mbali walikuwa wanasema, "Fundi, Hodi wako huyo anakuja."

Safari ya nne alichoka kunyamaza. Akamwuliza fundi swali ambalo kwa miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kumwuliza mzazi yeyote. "Baba, niambie kitu kuhusu mwanao ambacho mimi sikijui."

Fundi akazima mashine. "Huyo?" Akafuta jasho, akafikiri. "Huyo ukimtazama usoni hafanyi kitu. Hata kula. Mama yake aliligundua akiwa bado anatambaa. Ukitaka afanye jambo, mpe mgongo, jifanye una shughuli zako. Utashangaa."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Mlituuliza lini?"

Miaka ishirini na mitano ya kushika chaki, akasema Mwalimu Hodi, na jibu la mtoto yule lilikuwa nyuma ya duka la saruji, kwa mtu ambaye shule haikuwahi kumwuliza chochote isipokuwa kufika bila kukosa.

Binti mwenyewe leo ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Tumeongea naye. Anaikumbuka Jumapili iliyofuata. "Baba alikuja mchana akakaa ukingoni mwa kitanda changu," anasema. "Akasema, 'Mama, nilikuchapa bure. Sitarudia.' Akatoka kabla sijajibu. Nadhani aliliogopa jibu. Baba yangu huyo, anayeshika moto kila siku!"

Zilibaki siku nne. Alhamisi ya jaribio ikafika.

Fundi, aliyealikwa na Mwalimu Hodi, alikuja na shati safi. Akapewa dawati la darasa la pili, magoti yakamfika kidevuni, watoto wakashindwa kujizuia. Mwalimu Hodi akawaacha wacheke washibe. Kisha akasema, "Haya. Wote geukeni, mtazame ukuta wa nyuma. Na wewe mwalimu wa darasa, tafadhali. Na baba pia. Na mimi."

Wakageuka. Watoto arobaini na wawili, walimu wawili na fundi mmoja, wote wanautazama ukuta kana kwamba ukuta ndio utakaofundisha. Mbele, peke yake, amesimama binti na kitabu.

Dakika ikapita. Mtu akapiga chafya. Mwenye chafya akapigwa kiwiko. Dakika nyingine. Mwalimu wa darasa akanong'ona, "Mwalimu mkuu, tunafanya nini hapa?" Mwalimu Hodi akamjibu bila kugeuka: "Tuna shughuli zetu."

Wakasikia ukurasa unafunguliwa. Kisha sauti, ndogo, kavu, ikajikwaa kwenye neno la kwanza. Ikalirudia. Ikashika njia. Penye nukta ikapumua, penye swali ikapanda.

Alisoma kurasa tatu. Kitabu cha darasa la nne. Fundi alibaki ameutazama ukuta hata baada ya watu wote kugeuka na kupiga makofi. Bega lake moja lilikuwa linatikisika. Mtoto wa dawati la jirani akamwambia kwa upole, "Baba, kwisha. Unaweza kugeuka."

Mwalimu wa darasa akafuta alichoandika. Binti akapanda darasa.

Na shule ile haikurudi ilikotoka. Kuanzia mwaka uliofuata, kila mwalimu alipewa mitaa yake na daftari lake. Kabla ya muhula wa kwanza kufika katikati, awe amepiga hodi kwa kila mzazi, nyumbani au kazini, na swali moja tu: niambie nisichokijua. Majibu yakajaa madaftari. Mshona nguo mmoja akasema mwanawe haoni ubaoni ila anaona aibu kusema. Mlinzi wa benki akasema wake anamlea mdogo wake, ndiyo maana anasinzia. Na barua yoyote iliyotoka shuleni ilipaswa kutaja sababu katika mstari wa kwanza, na barua ya kwanza kwa kila mzazi iwe ya jambo jema. Walimu wakanung'unika. Mwalimu Hodi akawaambia, "Mtoto asiye na jema hata moja mleteni kwangu, nimtazame vizuri." Hakuletwa hata mmoja.

Msidhani wazazi aliwabembeleza. Baba mmoja alimwachia mtoto getini na kumwambia, "Mwalimu, huyo nimekukabidhi, ni wako sasa." Akajibiwa papo hapo: "Sikumzaa mimi. Na wewe hukusomea ualimu. Tugawane." Wazazi wakaanza kuingia madarasani, mmoja kila Alhamisi, anakaa nyuma, anasikiliza somo zima, simu imezimwa. Waliokuja mara moja walirudi.

Binti yake wa kumzaa anatuambia kwamba sifa hizi zilikuwa na bei yake nyumbani. "Alipiga hodi mji mzima, akirudi amechoka. Tulimwambia, Mama, na sisi tupigie hodi. Akacheka. Kesho yake kweli akasimama nje ya mlango wetu wa chumbani. 'Hodi wenyewe! Niambieni nisichokijua.' Tulimwambia mengi siku hiyo. Mengine hakuyapenda."

Kwa mumewe, kwa wanawe watatu na wajukuu, kwa mdogo wake aliyemwuguza: poleni sana. Msiba huu mmetangulia kuubeba, nasi tumekuja nyuma yenu, tumeshika upande. Mji una watu wengi waliosoma vizuri kwa sababu mama yenu alichelewa kurudi nyumbani. Tunawashukuru kwa saa hizo.

Na wewe mzazi unayenisikiliza, umekwenda lini shuleni bila kuitwa? Na wewe mwalimu, kuna mtoto gani darasani kwako umeshamwandika, na hujamwuliza mzazi wake hata swali moja? Kaeni mlifikirie swali hilo leo. Kisha inukeni, maana halijibiwi kwa kukaa.

Kabla sijafunga. Tangu jana tulipotangaza kipindi hiki, walimu wawili wastaafu wamepiga simu hapa studio. Wanasema habari ya barua tungeiacha, marehemu hasemwi kwa kosa lake, na tukiitaja tuiombe familia radhi hewani. Nilimpigia binti yake. Akaniambia, "Mama aliisimulia mwenyewe kila mwaka, siku ya mkutano wa kwanza wa wazazi, amesimama. Mkiificha, mnayemkumbuka ni mtu mwingine."

Basi nawajibu walimu wangu wawili kwa heshima zote. Mwalimu Hodi aliomba radhi kwa sababu alikosea. Mimi hapa sijakosea, na radhi siombi.