Kwetu ni Ibb, Kwenye Mvua

Kauthar, funga mlango. Sufian, niinulie mto. Na wewe Abdulhadi, kaa hapo mbele nikuone uso, maana huu ni wosia wangu, na sitaki kesho uje useme baba alikuwa anaweweseka. Nimemwita Mzee Abdulwakil awe shahidi. Abdulwakil, leo ni Jumatano, tupo Guangzhou, chumba cha juu ya duka letu, na anayenikanda mguu ni wewe. Akili ninayo. Pumzi ndiyo inayonikimbia.

Sikilizeni, wanangu. Jana wajomba wa Abass walikuja kunijulia hali, kwa kuwa Ijumaa kijana wao anamuoa dada yenu. Mkubwa wao akaniuliza kwa adabu zake, "Sheikh, kwenu hasa Omani ni upande gani?" Nikamjibu kwetu si Omani, kwetu ni Ibb, milimani, Yemen. Abdulhadi akacheka. Akacheka! Akawaambia, "Msimsikilize mzee, homa imempanda, anaweweseka." Mimi baba yako, mbele ya wageni!

Kumbe miezi yote hii umewaambia sisi ni watu wa nyumba kubwa ya Maskati. Na lile lipicha la ngamia na mchanga ulilolitundika dukani, ukiwaonyesha hata malaoban, matajiri wa Kichina wa soko la Shahe wanaotuuzia nguo, ati ndiko kwetu! Mchanga gani, ewe mtoto? Ibb mvua inanyesha mpaka nguo hazikauki. Ukungu unaingia ndani bila hodi. Mashamba yamepanda mlima ngazi kwa ngazi, kila ngazi na ukuta wake wa mawe, huku mtama, kule buni, na nyumba zimekaa juu kabisa kwenye miamba ili udongo wa kulima usipotee bure. Babu yangu Maulid alinieleza hayo nikimkanda miguu, kama ninavyowaeleza nyinyi.

Unaona haya kwa sababu televisheni inaonyesha vita na njaa. Mwacha asili ni mtumwa, Abdulhadi, na wewe umejiuza bila ya kuulizwa bei.

Kijijini kwa babu, mvua ikiangusha ukuta, mwenyewe alitakiwa atoke wa kwanza apige ukelele, "Wangu umeanguka!" maana udongo wake unamfukia jirani wa chini. Waliosikia walikuja na mawe wakamsaidia. Aliyenyamaza akingoja jirani agundue, hakuna aliyempa binti yake. Ndivyo tulivyo sisi. Babu alifika Unguja akauza kahawa barabarani, wakamwita Mshihiri, na huo mji wa Shihiri hakuuona hata siku moja. Aliwacheka, akawamiminia kahawa, na kila aliyemuuliza alimwambia Ibb.

Duka mgawane kisharia, msiniletee ugomvi kaburini. Msinipakie ndege uwanjani Baiyun kunirudisha Unguja. Nizikeni hapa hapa, makaburi ya Waislamu yapo, na ardhi yote ni ya Mungu.

Kauthar, usilie, mwanangu. Umeniambia kwa kinywa chako unamtaka Abass, na mimi ni radhi naye. Lakini nikifa kabla ya Ijumaa, walii wako ni huyu kaka yako. Abdulhadi, utamtaja hivi: Kauthar binti Thabit bin Salum bin Maulid, mtu wa Ibb. Ukitaja Maskati, njia ya mwongo ni fupi. Siku watakapojua, wewe utakuwa dukani kwako unauza, na dada yako ndiye atakayeitwa mwongo jikoni kwa mama mkwe wake. Hilo ndilo lililonitoa usingizi, si homa.

Maji... kijiko kimoja tu, Sufian. Basi.

Kauthar, Sufian, radhi zangu mnazo. Mungu awape watoto wasioona haya kuwatajeni. Abdulwakil, nisamehe kama... nisamehe tu.

Wewe Abdulhadi. Wajomba wa Abass wamerudi, wamo chini dukani, wanakunywa chai, nawasikia. Shuka. Waambie kwa mdomo wako mwenyewe, baba hakuweweseka, mimi nilisema uongo. Wakiondoka... waondoke. Ukirudi nami nina pumzi, nitakupa radhi kwa ulimi wangu. Ukinikuta nimekwenda... usisimame mlangoni ukilia. Ingia. Nimekwisha kukupa.

Shuka, mwanangu.