Pereska Akoth na Sura ya Saba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja aliyependa kucheka. Jina lake Pereska Akoth Wanyama. Wengi wenu mlimwita Mama Nakhisa. Ametutoka Jumanne asubuhi, nyumbani kwake Bugolobi, akiwa na miaka sabini na mitatu. Binti yake, Nakhisa, ametuomba jambo moja tu. "Msimlilie hewani," amesema. "Mama angezima redio."

Basi hatutalia. Tutasimulia.

Akoth alizaliwa Kisumu, akaolewa Busia, akaja Kampala na mumewe aliyekuwa fundi wa umeme. Hapa alipata kazi katika gazeti moja, kazi ya kusahihisha prufu. Miaka ishirini alisoma maandishi ya watu wengine akitafuta makosa. Alikuwa mkali wa nukta na mkato. Alipostaafu, akaanza kuandika vitabu vyake mwenyewe. Na kitabu kimoja ndicho kilichomtia matatani. Ndicho kilichomfanya pia ajulikane kuanzia Katwe hadi Bwaise.

Kitabu hicho kilikuwa maisha ya Mheshimiwa Ocaya. Ocaya alikuwa askari, kisha mbunge, kisha waziri. Alipotoka serikalini alimwita Akoth sebuleni kwake. Akamwambia kwa kile Kiswahili chake cha jeshini: "Mama Nakhisa, andika mimi. Andika yote."

"Yote, Mheshimiwa?"

"Yote. Mimi sina kitu ya kuficha."

Wasikilizaji, kumbukeni neno hilo. Ocaya mwenyewe ndiye aliyemwita. Ocaya mwenyewe ndiye aliyesema, andika yote.

Kwa miezi mitano Akoth alikwenda kwa Ocaya kila Alhamisi. Mke wa Ocaya, Mama Amito, aliwapikia chai ya tangawizi. Ocaya alijua kusimulia. Alisimulia alivyokuwa kuruta, akawekwa zamu ya ulinzi, akasikia nyayo gizani, akapiga kelele, "Simama! Mikono juu!" Kumbe ni mbuzi wa kamanda. Kuruta Ocaya akakimbia, mbuzi nyuma, kambi nzima ikaamka. Akoth alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Lakini kulikuwa na habari moja ambayo Ocaya aliipenda kuliko zote. Ni habari ya mfereji wa Bwaise. Mnajua Bwaise mvua ikinyesha, maji huingia hadi ndani ya nyumba. Ocaya, akiwa waziri, alichimbisha mfereji wa kupitisha maji. "Watu walihama vizuri," alisema. "Walifurahi. Walipiga ngoma."

Akoth hakuandika kitu ambacho hakukihakikisha. Akavaa viatu vya mpira, akaenda Bwaise. Akauliza: ni nani aliyekuwa akiishi hapa kabla ya mfereji? Wakamwelekeza kwa mama mmoja anayekaanga mihogo kando ya barabara ya Bombo. Mama huyo ni Maimunah Fadhul, Mnubi, mjane.

Akoth akamsimulia habari ya zile ngoma. Maimunah akasema, "Ngoma gani? Walikuja saa moja asubuhi. Watoto wangu walikuwa wanakunywa uji. Nyumba arobaini zilivunjwa siku hiyo. Hakuna aliyetuambia, wala jana yake, wala juzi."

"Nikiandika, utaogopa?" Akoth akamwuliza.

"Andika. Na jina langu uliandike lote. Miaka kumi na miwili mimi naitwa 'wakazi walioathirika'."

Akoth akaandika. Hiyo ndiyo ikawa sura ya saba.

Ocaya alipopewa mswada, alisoma siku tatu. Siku ya nne akampigia simu. Sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Mama Nakhisa, hii sura ya saba, toa."

"Mheshimiwa, uliniambia niandike yote."

"Yote ya kwangu! Hii ni ya huyo mama."

"Na mfereji ni wa nani, Mheshimiwa?"

Simu ikakatwa. Wiki hiyo Ocaya alitangaza kwamba hakitambui kitabu hicho, kwamba kimejaa uongo. Nakhisa anakumbuka. "Mama alikaa mezani, hakula," ametuambia. "Nikamwambia, Mama, itoe tu hiyo sura. Ni kurasa kumi na nne. Akanijibu, 'Nikimtoa Maimunah leo, nitakuwa nimembomolea mara ya pili.'"

Basi akatafuta pa kuchapishia. Kiwanda cha kwanza kilikuwa kimekubali. Sasa meneja akamrudishia kazi yake. "Pole, Mama, mashine imeharibika." Na huku nyuma ya mlango mashine inanguruma hadi vikombe vinatikisika! Akoth akamwambia, "Mpe pole hiyo mashine. Hata ikiugua inafanya kazi." Kiwanda cha pili, hadithi ni ile ile. Cha tatu hawakumfungulia hata geti.

Hatimaye akafika Katwe. Mnaijua Katwe: huyu anachomelea vyuma, yule anagonga sufuria. Katikati ya vishindo hivyo alikuwapo Okinyi, mchapaji wa kadi za harusi na kalenda. Okinyi aliisoma sura ya saba akiwa amesimama. Alipomaliza, akavua miwani.

"Mama, Katwe hapa kelele ni nyingi," akasema. "Ni nani atakayesikia mashine yangu?"

Vikachapwa vitabu elfu moja. Siku ya tano polisi wakaja na gari, wakisema kitabu kina uongo. Vitabu mia nne vilikuwa vimeshatoka. Mia sita vikachukuliwa. Aliyeongoza msafara alikuwa Sajenti Oloya, mtu mrefu, mpole, mwenye aibu kidogo. Akoth alidai stakabadhi. Na Oloya alipoandika "viatabu," Akoth akachukua kalamu, akamsahihishia.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Akoth na wakili wake, Bi Nabangala, walikuwa kituoni. Wanaambiwa, njooni kesho. Wanakuja kesho. Baada ya majuma mawili hivi, wakiwa wameketi kwenye benchi, wakasikia kicheko kutoka chumba cha ndani. Kicheko cha watu wengi. Akoth akainuka, akachungulia mlangoni.

Alikuwa Sajenti Oloya. Kitabu mkononi. Anawasomea askari wenzake habari ya mbuzi wa kamanda, mstari kwa mstari, akiwatafsiria kwa Kiacholi. Mmoja alikuwa amelaza kichwa mezani, anafuta machozi.

Oloya akamwona. Akasimama wima kama kuna gwaride. "Mama, samahani. Hii ni… ni uchunguzi."

"Endelea, Afande," Akoth akasema. "Umefika sura ya ngapi?"

Oloya akashusha sauti. "Ya saba nilimaliza jana. Nilisomea bibi yangu. Yeye akasema, hata sisi kwa kambi ya wakimbizi walitutoa hivyo."

Wasikilizaji wapendwa, Akoth alitoka pale anatembea kama msichana. Bi Nabangala anasema alimshika mkono akamwambia, "Kitabu changu kimefungwa, lakini kinasomwa!"

Baada ya majuma matano hakimu akaamuru vitabu virudishwe. Hakukuwa na kosa. Gari likavirudisha Katwe. Okinyi akahesabu. Walichukua mia sita, wamerudisha mia tano arobaini na moja.

"Afande, vingine viko wapi?" Akoth akauliza.

Oloya akatazama viatu vyake. "Mama, vingine bado vinasomwa."

Kitabu kikazinduliwa Bwaise, Jumamosi mchana, katika uwanja wa shule. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wakasimama juu ya madawati. Kina mama wakapiga ngoma, safari hii ngoma za kweli. Akoth alikuwa katikati ya hotuba watu walipoanza kunong'ona. Mheshimiwa Ocaya alikuwa anaingia getini na Mama Amito, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

Baadaye tulijua sababu. Mama Amito alikisoma kitabu chote, kisha akampelekea mumewe kalamu nyekundu. "Uongo uko wapi? Nipigie mstari." Kwa siku mbili Ocaya hakupiga hata mstari mmoja.

Ocaya akaomba kitabu. Akafungua sura ya saba, akaanza kusoma mbele ya watu wote. Alipofika kwenye jina la Maimunah, akalipita haraka, kichwa chini. Maimunah akasimama juu ya dawati lake.

"Hapo rudia. Polepole."

Ocaya akarudia. "Maimunah Fadhul." Akafunga kitabu. "Mama, mimi nilisaini ile karatasi ya kubomoa. Lakini sikuja kuangalia."

"Sasa umekuja," Maimunah akasema. "Usikanyage huko, kuna shimo."

Watu wakaangua kicheko, na Ocaya naye akacheka, na Akoth akacheka huku machozi yanamtiririka. Chapa ya pili ilitoka na dibaji ya Ocaya mwenyewe. Ilikuwa sentensi moja: "Haya yote ni kweli, isipokuwa mbuzi hakuwa mkubwa hivyo."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Pereska Akoth. Kwako Nakhisa, kwa wajukuu, kwa ukoo wa Wanyama na jamaa wote wa Kisumu, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu. Na sisi tuliobaki, tujiulize: katika hadithi tunazopenda kusimulia kuhusu wema wetu, kuna nani ambaye hatujawahi kumwuliza yeye aliionaje siku ile? Yawezekana bado yupo. Yawezekana si mbali.

Mazishi ni Jumamosi, Busia. Narudia, Jumamosi, Busia. Mheshimiwa Ocaya anatoka Kampala na gari lake alfajiri. Maimunah naye anakwenda, katika gari hilo hilo, kiti cha mbele. Tulimpigia simu tukamwuliza ni nani aliyepanga hivyo.

"Mimi," akasema. "Njia ni ndefu, na yeye anajua kuchekesha."