Alistidia Kokugonza na Mkono wa Fundi Shaban wa Kashai

Waombolezaji wenzetu, tuliyekuja kumzika leo hapa Buganguzi alizaliwa hapahapa, tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Joackim Byarugaba na Mama Theopista Kemilembe, akabatizwa kwa jina la Alistidia, na nyumbani akaitwa Kokugonza.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari mjini Bukoba, kisha akasomea uuguzi na kuhitimu Desemba 1979. Tarehe 1 Februari 1980 aliajiriwa katika hospitali moja ya mkoa wetu, na mwaka 1983 akahamishiwa chumba cha upasuaji, ambako kazi yake ilikuwa kumlaza mgonjwa kitandani kabla ya kupasuliwa na kumwangalia asiumie akiwa usingizini, kwa maana aliyetiwa usingizi hawezi kusema kwamba kisigino kinamchoma au mkono umepinda.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Mwalimu Projestus Rwegasira wa Kahororo, aliyetutoka mwaka 2011, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gozbert na Annastella.

Yanayofuata tumeyatoa katika karatasi ambayo marehemu aliiandika kwa mkono wake mwezi Aprili mwaka huu, akaagiza isomwe.

Jumanne, tarehe 11 Oktoba 1988, alimlaza Shaban Kassim, fundi cherehani wa Kashai, kwa upasuaji wa tumbo uliochukua saa tatu na nusu. Mkono wa kulia aliuweka juu ya ubao wa kuegemezea mkono, akauvuta mno kuelekea kichwani ili msaidizi wa daktari apate pa kusimama. Baada ya saa ya kwanza aliona kwamba bega limenyooshwa kupita kiasi, lakini daktari alikuwa mkali, naye aliona aibu kumkatiza, akajiambia kwamba wako karibu kumaliza. Fundi Shaban alipozinduka hakuweza kuinua kiganja. Katika kitabu cha upasuaji iliandikwa kuwa chanzo hakijulikani, na marehemu akatia saini.

Kumbe kule Kashai chanzo kilitafutwa. Fundi Shaban alikuwa akishona katika chumba kimoja na mdogo wake, Anwari, na wiki chache kabla walikuwa wamegombana, basi watu wakasema Anwari ndiye aliyemtupia kitu. Ndugu hao waligawana vyombo, wakaacha kusalimiana, na hata mama yao alipofariki mwaka 1991 kila mmoja alipokea rambirambi kwenye mkeka wake.

Marehemu hakuyajua hayo hadi Juni 1994, alipokuwa akimlaza Rahima, mke wa Fundi Shaban, aliyeletwa kujifungua kwa upasuaji. Alipokuwa akimwekea kitambaa chini ya kiwiko, Rahima alimwomba autunze mkono huo, maana wa mume wake uliliwa kwa uchawi na shemeji yake, Anwari. Marehemu alimaliza kazi yake, mtoto akazaliwa salama, na Jumamosi iliyofuata, tarehe 18, alikwenda Kashai kwa miguu, akaomba Anwari aitwe, akasema mbele ya wote wawili:

“Mkono huu hakuna aliyeuroga. Niliulaza vibaya mimi, nikaona, nikanyamaza.”

Fundi Shaban alimwuliza alinyamaza kwa muda gani. Akajibu, “Saa mbili na nusu.” Aliambiwa atoke, akatoka. Anwari alibaki ndani.

Jumatatu yake alipeleka barua ya kukiri kosa kwa mganga mkuu, akaondolewa chumba cha upasuaji kwa miaka miwili. Aliporudi mwaka 1996, hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kumlaza mgonjwa kabla ya yeye mwenyewe kulala nusu saa juu ya kitanda kile, mkono ubaoni, ajue panapouma. Kila baada ya nusu saa alipitisha mkono chini ya shuka, akagusa vidole, visigino na magoti, na palipopinda alisema, “Daktari, simama kidogo.” Madaktari walimwita Mama Mkono, na mmoja alizoea kumwuliza kama leo anaruhusiwa kupumua, akajibiwa apumue, ila asimwegemee mgonjwa. Alistaafu tarehe 3 Mei 2017.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2021, akatibiwa Bukoba na Mwanza, na Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana, alifariki nyumbani kwake Kahororo, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mwezi mmoja na siku sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani wa Kahororo waliompikia na kumgeuza kitandani, na wauguzi wenzake aliowafundisha, ambao ndio waliobeba jeneza.

Tunamshukuru pia Mzee Shaban Kassim, aliyeketi hapa pamoja na mdogo wake. Mkono wake haukupona. Yeye hukata vitambaa kwa mkono wa kushoto, na Anwari hushona. Hakuwahi kumwambia marehemu kwamba amemsamehe, wala marehemu hakumwuliza. Kwa kuwa baadhi yetu hatukutaka karatasi hii isomwe, juzi tulimtuma Gozbert kwenda kumwomba Mzee Shaban ruhusa, na mzee akajibu, “Kasomeni, mwanangu. Ila msiache kusema kwamba alikuja mwenyewe, hakuna aliyemwita.”

Tumesema.

Alistidia, dada yetu, upumzike sasa, na amani ya Mungu ikae nawe.