Siku Bisi Alipoambiwa Abaki

Kijiwe kinanguruma, kahawa na hoja moto,
Lami nayo yatutuma, na mbwa bado mtoto.

Pale Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe inaachana na ile kuu iendayo Tunduma, umelazwa ubao wa msindano juu ya matofali, nao umeielekea lami. Upepo wa huko hauna adabu: huingia kwenye koti kwa mkono wa kushoto na kutokea kwa wa kulia, ukiwa umebeba vumbi na moshi wa malori. Kwa hiyo wanaoketi hapo huketi wamebanana kama magunia ya viazi, wakilizunguka jiko la mkaa la Mama Lucia, muuza kahawa ya tangawizi, ambaye jina lake la ubatizo ni Teodora lakini hakuna anayethubutu kulitumia. Jiko lake hupasha miguu kabla kahawa haijapasha koo, na mara miguu inapopata moto, hoja huanza kupanda.

Siku hiyo waliokuwa na la kusema zaidi ya wengine ni wawili. Wa kwanza ni Timoth, aitwaye Breki, aliyekuwa utingo wa malori kwa miaka mingi. Hata leo akisikia gari linapunguza mwendo, mguu wake wa kulia hukanyaga chini wenyewe. Wa pili ni Elius, aliyewahi kufundisha darasa la kipaimara. Kijiwe humwita Sinodi, kwa sababu hakuna jambo, hata la kuongezewa sukari, ambalo hatapendekeza liundiwe kamati.

Na jambo la siku hiyo lilikuwa Bisi. Bisi ni mtoto wa mbwa, rangi ya udongo mwekundu, sikio moja limesimama na jingine bado halijaamua. Jina alilipata kwa kuruka kwake, maana haruki kuelekea mahali. Huruka tu, kama punje ya mahindi ndani ya sufuria ya moto. Mwenye Bisi ni Obed, fundi wa matairi, mtu mpole ambaye maishani mwake hakuwahi kufuga hata kuku. Alipewa Bisi na shangazi yake Rosemary, mkulima wa Wanging'ombe, aliyemwambia kuwa mwanamume anayeishi peke yake anahitaji kitu cha kumwamsha asubuhi.

Obed amepanga chumba nyuma ya ubao. Karakana ya matairi anakofanya kazi iko ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu kila Obed alipovuka kwenda kazini, Bisi alimfuata. Juma lililotangulia alimfuata akakutana na lori la saruji katikati ya lami. Matairi yalipiga ukelele uliosikika hadi sokoni. Breki alikanyaga breki ya ardhini mpaka kisigino kikauma. Bisi alipita chini ya lori, kati ya magurudumu, akatokea ng'ambo akitikisa mkia. Aliyerudishwa chumbani akishikwa mikono ni Obed.

Tangu hapo hakwenda kazini. Alijaribu kumfunga Bisi kamba. Bisi akalia hadi mwenye nyumba akagonga ukuta, kisha akaitafuna kamba. Alijaribu kumfungia chumbani; Bisi akala nusu ya ndala na robo ya godoro. Tajiri wake alimwambia kuwa Jumatatu asipofika, atatafutwa fundi mwingine. Na Shangazi Rosemary, alipopata habari za lori, alipiga simu ambayo kijiwe kizima kiliisikia, kwa kuwa shangazi huyo haamini kwamba simu inaweza kufikisha sauti ya kawaida hadi Makambako.

— Kiumbe aliyezaliwa nyumbani kwangu hatafia kwenye lami. Nakuja Jumamosi. Nikimkuta anajua kubaki, namwacha. Nikimkuta hajui, naondoka naye.

Jumamosi ndiyo hiyo. Gari la kutoka Wanging'ombe lilitazamiwa mchana, na jua lilikuwa limeshapanda. Obed alikuwa amesimama mbele ya ubao, amembeba Bisi ndani ya koti, kichwa cha Bisi kimetokeza mahali pa kifungo cha juu.

Sinodi aliamua kwamba lazima mambo yaende kwa utaratibu. Alieleza kwa kirefu kuwa mbwa hana tofauti na mwanafunzi wa kipaimara: haelewi mpaka asikie neno lilelile, kwa sauti ileile, kutoka kwa watu wote kwa pamoja. Kosa la Obed, alisema, ni kutumia maneno mengi. Leo anasema kaa, kesho anasema tulia, keshokutwa anasema tafadhali.

— Mbwa anaambiwa tafadhali? aliuliza Breki.

— Nilisema mara moja tu, akajitetea Obed. Alikuwa ameing'ata soksi yangu.

Likachaguliwa neno *baki*. Obed alimweka Bisi chini karibu na mguu wa ubao, akasema baki, na kijiwe kizima kikaitikia baki, kwa sauti ya kwaya iliyokosa mazoezi. Bisi aliketi. Watu walishikana mikono kwa furaha. Obed alianza kuondoka, akageuka kumtazama, akapiga hatua, akageuka tena, akasema, nakuja sasa hivi, mwanangu. Na Bisi akanyanyuka akamfuata, mkia juu, hadi ukingoni mwa lami, ambako Breki alimdaka kwa shingo.

Breki akasema kuwa njia ya kanisa imeshindwa, sasa ijaribiwe njia ya barabara. Mbwa, alidai, lazima aogope harufu ya lori kabla hajaliona. Alitoa kitambaa kilichonuka dizeli akakitandaza mbele ya pua ya Bisi. Huko Tunduma, akasimulia, alimjua mbwa aliyefunzwa kwa kitambaa cha namna hiyo hata akaweza kutofautisha lori la Zambia na la Kongo, na gari likiwa na tairi bovu alibweka upande huohuo wa tairi. Mama Lucia akamuuliza kama mbwa huyo alikuwa pia anaandika stakabadhi. Breki akasema kuandika hakumwona, lakini kuelekeza madereva warudi nyuma, hilo alilishuhudia kwa macho, na madereva walimtii kuliko utingo.

Bisi alinusa kitambaa, akapiga chafya, akakipenda. Alikishika kwa meno akakimbia nacho kuuzunguka ubao, na alipochoka akakilalia.

Sinodi hakutaka kupitwa. Akasema basi tiba ya kweli anaijua, aliisikia kwa watu wa Lugarawa: zinakatwa nywele za ncha ya mkia, zinazikwa chini ya kizingiti, na mbwa haondoki tena hata nyumba ikihama. Breki akauliza nyumba inahamaje. Sinodi akajibu kwamba zipo zilizohama. Walikuwa wameshaanza kutafuta wembe, na Obed ameshamrudisha Bisi, mkia na yote, ndani ya koti, Mama Lucia alipoweka birika chini.

— Obed, baba, njoo hapa, alisema. Nikuulize. Ukitaka mgeni aondoke, unamuaga mara ngapi?

— Mara moja.

— Ukimuaga mara saba?

Obed akafikiri. — Ataketi tena.

— Basi huyo mtoto hakufuati. Wewe ndiye unamwita. Unaondoka huku uso umeuacha hapa. Mwambie baki, mara moja, kisha nenda kama mtu aliyeitwa na baba mkwe. Usigeuke.

Obed alitazama barabara. Lori la mbao lilikuwa likipita, na ubao ukatetemeka chini ya waliokaa.

— Nisipogeuka, nitajuaje kama ananifuata?

— Hutajua.

— Na tukichelewa kumdaka?

Breki alimeza kahawa ambayo ilikuwa imeshaisha kikombeni. Alipendekeza wajipange ukingoni mwa lami kama ukuta, lakini Mama Lucia alikataa: Jumatatu ukuta huo utakuwa umeenda shambani. Kama ni kubaki, abaki kwa akili yake. Wapange hivi tu: Obed avuke, aingie karakana, azibe tairi moja kama siku ya kazi, kisha arudi.

Obed alimtoa Bisi kwenye koti. Alimweka chini, akamnyoosha lile sikio ambalo halijaamua, akasema baki, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya mtu wa kijiweni. Kisha akageuka, akaenda.

Shingo yake ilionekana ikipigana na mwili. Mara mbili kichwa kilianza kugeuka na mara mbili kikarudi. Alisubiri lami itulie, akavuka, akaingia karakana, akapotea.

Bisi alisimama. Miguu ya mbele ilitetemeka, pua ilifuata upepo, na lori lilipopita manyoya yote ya mgongo wake yalilala upande mmoja. Lakini hakunyanyua mguu. Lori jingine likapita. Watu wa ubao walijaa furaha ambayo hawakuwa na ruhusa ya kuitoa, wakawa wanapigana viwiko. Breki alinong'ona kuwa ni dizeli. Imechelewa tu kufanya kazi. Sinodi alinong'ona kuwa ni kuitikia kwa pamoja, na kwamba mbwa mwenye moyo kama huu hapaswi kulinda chumba cha kupanga, apelekwe seminari ya Kidugala akasome, atarudi mchungaji. Breki akasema mchungaji ni kidogo. Huyu apewe mizani ya malori, na hakuna dereva atakayezidisha mzigo tena. Sinodi akasema kama ni hivyo apewe wilaya. Walikuwa wakibishana juu ya wilaya ipi, bado kwa kunong'ona, mikono ikizunguka hewani, wakati gari la abiria liliposimama nyuma yao na mama mmoja akashuka akiwa na kanga mbili, sweta la sufu na kikapu kipana chenye majani makavu ndani, cha kumrudishia mbwa nyumbani.

— Kamwene, alisema.

— Kamwene, mama, karibu, wakaitikia, na kabla hajaweka kikapu chini walikuwa wameshamweleza yote kwa pamoja. Ndiye Shangazi Rosemary. Walimwonyesha Bisi alivyosimama peke yake, bila kamba, bila mkono wa mtu. Walimwonyesha karakana. Breki alimwomba anuse kitambaa. Mama Lucia hakujisifu; alimmiminia kahawa tu, lakini aliimimina hadi ukingoni.

Shangazi alimtazama mbwa. Akaitazama barabara, upande wa Mbeya, kisha upande wa Iringa. Alikunywa kidogo.

— Nimeona. Mmemfundisha abaki Obed akienda. Na Obed akirudi, huyu atamngoja hapa, au atakimbia kumpokea barabarani?

Mama Lucia, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, aliangalia makaa. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Walimwangalia Bisi, na kwa mara ya kwanza waliona alivyo mdogo.

— Mshikeni, alisema Breki.

— Ukimgusa ataruka, akasema Mama Lucia. Na ukipiga kelele atashtuka aende.

— Basi Obed asitoke, akasema Sinodi. Aambiwe asitoke.

Lakini Obed alikuwa ametoka. Alisimama ng'ambo, mikono myeusi kwa vumbi la mpira, na alipomwona Bisi pale alipomwacha uso wake ulifunguka wote. Sinodi alinyanyua mikono yote miwili kumzuia. Obed akadhani anapongezwa, naye akanyanyua yake. Mkia wa Bisi ulianza: kwanza ncha, kisha mkia wote, kisha nusu ya nyuma ya mbwa.

Kutoka upande wa Iringa lilisikika lori. Obed alilisikia pia, akasimama kungoja lipite, na ndipo alipoziona nyuso za watu wa ubao, akaelewa. Mikono aliishusha taratibu. Hakuita. Hakutabasamu tena. Alimtazama Bisi kwa macho yaleyale aliyokatazwa kutazama nayo, na Bisi alimtazama.

Breki aliteleza kutoka ubaoni akaketi chini, akafunika uso. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga ardhi kwa nguvu zote. Sinodi alipiga magoti nyuma ya Bisi, mikono imetandazwa bila kugusa, midomo ikienda bila sauti. Mama Lucia alichuchumaa upande wa kulia, kanga ameitandaza kama wavu, na wengine wa ubaoni wakachuchumaa upande wa kushoto. Shangazi Rosemary, ambaye hakuwa na mpango wa kufanya lolote, alijikuta amekaa juu ya kitu cha karibu, na kilikuwa kikapu chake. Kililia, kikabonyea, kikafa.

Lori lilipita na vumbi lake. Vumbi lilipoondoka, Obed alikuwa katikati ya lami, anatembea, hakimbii, kama mtu anayebeba maji kwenye sahani. Bisi alilia kidogo kwa ndani. Mkia ulikuwa unampeleka huku na huku hadi miguu ya nyuma ikateleza. Ya mbele ilikuwa palepale ilipowekwa.

Obed alifika. Alitaka kuinama amshike, lakini akajikuta amekaa vumbini mbele ya pua ya mbwa wake.

Juu ya ubao hapakuwa na mtu. Aliyebaki amesimama ni Bisi.