Funguo za Stoo

Ndani ya basi, mshonaji alitega sikio bila haya. Mbele yake mpishi wa hoteli, aliyefukuzwa kazi asubuhi hiyo, alibishana na mama aliyeketi naye.

"Kwa dada yangu ng'ambo ni sheria," mama alisema. "Unapewa notisi ya miezi mitatu, unakabidhi kazi taratibu."

"Miezi mitatu nitazamane na bosi? Hapana, mama. Mimi nimekuta mwingine kavaa aproni yangu, nikaondoka zangu."

Simu yake ikalia. Bosi alifoka hata mshonaji akasikia: wageni wanangoja chai, funguo za stoo ziko wapi?

Mpishi akapapasa mfuko, akazikuta funguo humo.

"Sasa, bosi," alisema kwa upole, "hayo ndiyo mambo ya miezi mitatu."

Basi likasimama. Mshonaji, aliyekwisha kupitiliza kituo chake, hakushuka.